Acheni Kuwaambia Watoto Ati Kuna Watu Ndani ya Redio

Sikilizeni. Hii naiandika ndefu kwa sababu video ya dakika moja na nusu haikunitosha, na kwenye komenti mumenichokoza. Anayetaka ya juu juu, video iko, aende akaitazame. Mwenye subira na akae.

Jumapili ya juzi nilikuwa Mama Ngina na mpwa wangu wa kike, miaka saba, meno ya mbele hana. Mwajua pale panavyokuwa jua likishuka. Watu wamekaa wakitazama mlango wa bahari, muhogo wakaangwa, madafu yafunguliwa, na kila baada ya muda meli yapita karibu kiasi cha kuona nguo za mabaharia zimeanikwa. Mzee mmoja muuza muhogo ana redio yake ameifunga kwa waya kwenye mti wa mwavuli. Siku hiyo yatangaza mpira. Mtoto akatafuna, akasikiliza, akauliza: "Huyu mtu anayesema yuko wapi?"

Tulikuwa watu wazima wanne. Mzee wa muhogo akacheka, akasema, "Yumo humu ndani, mdogo hivi, kama kidole." Mama mmoja aliyekuwa akingoja kutiliwa pilipili na ndimu akasema ni umeme tu, mwanangu. Ami yangu akasema, "Ukikua utasoma." Nami, mimi ninayejiita mtengeneza maudhui, mwenye wafuasi, mwenye taa ya duara chumbani, nikajikohoza nikasema: "Yuko studio. Anaongea kule, na sauti yake yapita hewani mpaka yafika hapa."

Mtoto akanyamaza. Akaangalia juu, akaangalia mwavuli. Kisha: "Kama sauti yake yapita hapa, mbona hatumsikii redio ikizimwa?"

Walahi sikuwa na jibu. Nilimnunulia bungo ili tubadilishe mazungumzo.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilipowapima wale wanne, niliona mkosaji mkubwa ni mimi. Mzee alifanya utani, na mtoto alijua ni utani, alicheka. Mama alitaja neno akaliwacha hapo hapo. Ami aliahirisha, kama kawaida ya kina ami. Mimi nilisema uongo uliovaa kanzu ya elimu. Sauti ya mtangazaji haipiti Mama Ngina. Haijawahi kupita. Sauti yake imekufa ndani ya chumba cha studio, ukutani, hatua chache kutoka mdomoni mwake. Kinachofika kwetu ni kitu kingine kabisa, na mtoto wa miaka saba alikinusa kabla yangu.

Basi hoja yangu ni hii, na sitaizunguka: tumefanya mazoea ya kuwadanganya watoto kuhusu redio, na si kwa sababu jambo lenyewe ni gumu. Ni kwa sababu sisi wenyewe hatujui, na twaona haya kusema hatujui.

Mimi nimelelewa ndani ya haya hiyo. Nikiwa darasa la sita niliuliza swali kama la mpwa wangu. Mwalimu akanijibu mbele ya wenzangu kwamba maswali ya hivyo huulizwa na wasiomaliza kazi ya ziada. Darasa zima likacheka. Miaka ikapita, nikafika sekondari, nikakariri orodha kwa Kiingereza: mawimbi ya redio, maikrowevu, mwanga, eksirei, gama. Nikaandika kwenye mtihani, nikapata alama zangu. Hakuna siku hata moja niliyoambiwa kwamba orodha ile yahusiana na redio ya nyanya iliyokaa juu ya kabati pale Mji wa Kale, ile ambayo ikifika mwisho wa Ramadhani nyumba nzima inanyamaza kimya kusikiliza kama mwezi umeonekana.

Sasa kuna atakayesema: kwani hasara iko wapi? Mtoto akiamini mna watu ndani ya redio, atakua, atajua. La. Hakui akajua. Anakua akaacha kuuliza, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mwaka wa 2020 sote tuliona. Ikavuma kwenye simu zetu kwamba minara ya 5G ndiyo inayoleta korona. Uingereza, nchi yenye vyuo vikuu vya karne nyingi, watu walitoka usiku wakachoma minara ya simu. Hapa kwetu hatukuchoma, lakini zile sauti za WhatsApp zilizunguka, na mimi nilizipokea kutoka kwa watu wazima ninaowaheshimu, watu wenye digrii. Wanaogopa mnara ulio mbali na wanalala na simu chini ya mto. Siwacheki. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mnara na simu vyafanya kazi ile ile moja, wala kwamba wimbi la redio ni dhaifu kuliko mwanga wa taa ya chumbani kwa kila kipande chake, na kwamba virusi haviwezi kulipanda kama vile haviwezi kupanda mwanga wa jua. Mtu asiyejua kitu ni nini ataamini chochote atakachoambiwa juu yake. Alianza na mtu mdogo kama kidole, akamalizia na korona.

Na lugha nayo yatuponza. Hapa wapenzi wa Kiswahili mtanikasirikia, lakini hebu tuseme ukweli. "Tuko hewani." Kila mtangazaji asema hivyo, na mtoto aelewa alivyoelewa mpwa wangu, kwamba hewa ndiyo ibebayo. Lakini wimbi la redio halihitaji hewa. Lapita patupu, pasipo na chochote. Kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walikuwa na jukwaa lao baharini la kurushia setilaiti. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa pale setilaiti ya kuchunguza eksirei za nyota, ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku yetu. Setilaiti ile ilikuwa ikituma habari zake chini kwa redio, kutoka mahali ambapo hewa karibu hakuna. Pwani yetu hii hii. Ni watoto wangapi wa Kilifi wameambiwa?

Neno la pili ni baya zaidi: masafa mafupi. Masafa kwa Kiswahili chetu ni umbali. Mtu akitoka hapa hadi Lamu amekwenda masafa marefu. Sasa mtoto akisikia redio ya masafa mafupi atafikiri nini? Ataona ni redio isiyofika mbali. Kumbe hiyo ndiyo ifikayo mbali kuliko zote! Kilicho kifupi ni wimbi lenyewe, si safari yake. Mawimbi yale yakipanda juu hukutana na tabaka la anga lenye chembe za umeme, kilomita mia kadhaa juu ya vichwa vyetu, yakapinda yakarudi chini, yakagonga ardhi, yakapanda tena. Hivyo ndivyo babu zetu walivyokuwa wakishika Cairo ilipoanza matangazo ya Kiswahili mwaka wa 1954, na London ilipoanza idhaa yake mwaka wa 1957, wamekaa barazani na kahawa. FM ya leo haipindi hivyo. Yaenda mbele kama mwanga wa kurunzi, kilima kikiikinga imekwisha, ndiyo maana minara yake hupandishwa juu kama kule Mazeras. Mimi nimejua haya nikiwa mtu mzima mwenye ndevu. Neno lenyewe lilinizuia.

Haya, mtasema: umelalamika vya kutosha, wewe ungemwelezaje? Sawa. Nitawaambia nilivyofanya, maana nilirudi naye Jumapili iliyofuata, na safari hii nilikuwa nimejitayarisha.

Nilianza na bahari, kwa sababu iko pale, bure. Kulikuwa na kumbi la nazi laelea karibu na mawe. Nikamwambia aliangalie wimbi likipita. Wimbi laja mbio, kumbi lapanda, lashuka, na labaki karibu pale pale. "Wimbi limekwenda, kumbi halikwenda," akasema mwenyewe. Hapo tayari ameshinda watu wazima wengi. Wimbi si maji yanayosafiri. Ni mtikisiko unaosafiri. Ukitikisa maji huku, kitu kule kitacheza, na hakuna aliyekipelekea maji.

Kisha umeme. Nilikuwa na redio ya zamani yenye AM, betri moja ndogo na kipande cha waya. Ukiweka redio kwenye AM mahali pasipo na stesheni, ukaleta betri karibu, ukagusisha waya kwenye ncha zote mbili na kuachia, gusa, achia, gusa, achia, redio yaitika: kwa! kwa! kwa! Waya haukugusa redio. Hakuna kilichopita katikati cha kuonekana. (Msishikilie waya muda mrefu, wapata moto. Na msithubutu kufanya hivi na umeme wa ukutani, nitawakana.) Mtoto alifanya mara arubaini. Nilimwambia umeme ukitikisika ndani ya waya, mtikisiko wake hutoka nje ukasambaa pande zote, na ukikutana na waya mwingine, umeme wa waya ule nao hutikisika. Waya wa kwanza ni mnara. Waya wa pili ni antena ya redio ya mzee. Imekwisha, hiyo ndiyo redio. Heinrich Hertz kule Ujerumani alianza na cheche namna hiyo hiyo mwishoni mwa miaka ya 1880, na Desemba 1901 Marconi alikuwa ng'ambo ya Atlantiki akisikiliza nukta tatu za herufi S zilizotumwa kutoka Uingereza. Kwa, kwa, kwa.

Sasa ndipo ukaja mtihani. Akauliza: "Bahari ina wimbi la maji. Hili ni wimbi la nini?"

Ndugu zangu, hapa ndipo mtu hutamani kusema "utasoma ukikua". Maana swali hilo liliwatesa wanasayansi wakubwa wa karne ya 19. Nao walifikiri kama yeye: wimbi lazima liwe la kitu. Wakasadiki kwamba ulimwengu umejaa kitu chembamba kisichoonekana, wakakiita etha. Mwaka wa 1887 Wamarekani wawili, Michelson na Morley, wakakitafuta kwa kipimo kikali sana. Hawakukikuta. Basi nilimwambia mpwa wangu ukweli mtupu: si wimbi la kitu unachoweza kukishika. Ni nguvu ya umeme na ya sumaku zinazotikisika pamoja na kusukumana kwenda mbele, na hazihitaji kupanda chochote. Na watu wenye akili nyingi waliona ajabu kama unavyoona wewe. Hakukunja uso. Alifurahi kwamba wakubwa nao walikwama.

Kwa hivyo anayeniambia "mtoto hawezi kuelewa" namuuliza: umejaribu? Au waogopa kufika pale ambapo wewe ndiye huelewi?

Lile swali lake la kwanza lilikuwa bado lanidai. Mbona hatumsikii redio ikizimwa? Nikatoa flashi mfukoni, ile ya nyimbo. Nikamwambia iweke sikioni. Wasikia? Hasikii. Nyimbo zimo? Zimo. Ziko kwa namna ambayo sikio halina mlango wake, mpaka upate mashine ya kuzigeuza. Stesheni ya 95.5 maana yake umeme mnarani watikisika mara milioni 95 na nusu kila sekunde. Sikio la mtoto mwenye afya laishia mitikisiko kama elfu ishirini. Na hata ungepunguza, usingesikia, kwa sababu haitikisi hewa, na sikio kazi yake ni hewa. Redio ndiyo inayougeuza mtikisiko ule wa umeme kuwa mtikisiko wa ngozi ya spika, na spika ndiyo inayotikisa hewa. Kwa hivyo sauti unayoisikia Mama Ngina imezaliwa Mama Ngina, ndani ya redio ya mzee. Kwa maana hiyo mzee wa muhogo alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi! Sauti kweli yatoka humo ndani. Ila mwenye kusema hayumo.

Na maneno yanapanda vipi juu ya wimbi? Hapa nilitumia hamali. Kila mtoto wa Mji wa Kale amemwona hamali na mkokoteni wake. Wimbi la stesheni ni mkokoteni mtupu unaokwenda bila kusimama. Sauti ni mzigo. Redio yako hushusha mzigo ikauacha mkokoteni uende zake. Lakini mfano huo peke yake hautoshi, mtoto atauliza mzigo wapakiwaje, na ana haki. Basi mwambie aimbe "mmmmm" bila kukata. Huo mkokoteni. Sasa aendelee na aongeze nguvu, apunguze, aongeze: ule mchezo wa nguvu ndio AM. Kisha aendelee kwa nguvu ile ile lakini apandishe sauti iwe nyembamba kidogo, aishushe iwe nene kidogo: huo ndio FM. Radi ikipiga huchafua nguvu ya wimbi, ndiyo maana AM hukoroma mvua ikija na FM haijali sana. Watu wawili waliokaa karibu nasi wakaanza nao kufanya "mmmmm". Nina video, sitaiweka, waliniomba.

Kuchagua stesheni, pembea. Mtoto anayesukuma pembea ajua kwamba ukisukuma kwa wakati wake yapanda, ukisukuma ovyo yakataa. Ndani ya redio mna pembea ya umeme, na ukizungusha kile kitufe wabadilisha mwendo wake ili ikubali msukumo wa stesheni moja tu kati ya zote zinazopita hapo kwa pamoja. Zote zapita. Zapita hata mwilini mwako saa hii unaposoma. Kufikia hapo alikuwa amesimama, ameweka mikono kifuani kana kwamba atazihisi.

Halafu sufuria, na hii ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Tulitia redio ndogo ndani ya sufuria ya alumini, ikiwa imewashwa, tukafunika. Matangazo yakapotea. Nikajigamba: waona, chuma chazuia mawimbi! Akanikata: "Au ni kwa sababu umefunika." Yaani sauti yenyewe imezibwa na kifuniko. Nikaona aibu kwa mara ya pili. Basi tukatia simu inayocheza wimbo uliohifadhiwa ndani yake, tukafunika: wimbo wasikika, kwa mbali lakini wasikika. Tukarudisha redio: mchakacho mtupu, stesheni hamna. Hapo akakubali. Miaka saba. Mwanasayansi hafanyi zaidi ya hapo, hufanya hayo hayo kwa sufuria za bei ghali.

Narudi kwenye komenti zenu. Mmoja ameandika redio imekufa, watoto siku hizi wana TikTok. Ndugu yangu, hiyo TikTok imefikaje mkononi mwako? Simu yako ni redio tano zilizobanwa pamoja. Inaongea na mnara, hiyo ni redio. Waifai ni redio. Bluetooth ya zile spika za masikioni ni redio. Ramani inayokuelekeza njia husikiliza setilaiti zilizo kilomita kama elfu ishirini juu, hiyo nayo ni redio. Umeiita jina jipya, ukasema ya zamani imekufa. Na shule zilipofungwa Machi 2020, mtoto asiyekuwa na bando alisomeshwa na nini? Vipindi vya masomo vya KICD vilikuwa vikipita KBC, kwenye redio.

Mwingine amesema sayansi haiwezekani kwa Kiswahili, maneno hakuna. Hilo sina subira nalo. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, watoto wa shule za msingi za serikali wasoma sayansi kwa Kiswahili miaka na miaka. Wimbi, mtikisiko, umeme, sumaku, mnara, waya, pembea. Nionyesheni ni lipi kati ya haya ambalo halipo. Tulicho nacho ni uvivu wa kuyafungua yale machache yanayopotosha, kama hayo masafa mafupi, na mazoea ya kuona kitu kikisemwa kwa lugha ya nyumbani hakiwezi kuwa elimu.

Wa tatu, dada mmoja, ameniuliza vizuri na nitamjibu vizuri. Amesema: nawe pia umerahisisha, hamali na pembea si ukweli wote, kwa nini wewe uruhusiwe na mwenye muhogo asiruhusiwe? Kweli nimerahisisha. Tofauti ni kwamba hamali wangu anaweza kukua. Mtoto akifika sekondari atakuta wimbi libebalo na wimbi libebwalo, na hamali atakuwa amemtangulia. Mtu mdogo kama kidole hana pa kwenda. Hadithi sizikatai. Nyanya alitusimulia kuhusu jini wa redio, na naipenda hadithi ile mpaka leo. Lakini alisimulia usiku, akiwa ameanza na "Paukwa". Tulijua tumeingia mlango gani.

Na kama mwafikiri haya ni mambo ya mbali ya wazungu, tazameni hapo hapo mlipokaa. Kila meli inayoingia mlango wa Kilindini imezungumza kwanza na bandari kwa redio. Chaneli ya 16, megahezi 156.8, husikilizwa baharini dunia nzima kwa ajili ya wito na dharura, na nahodha aliye taabani huanzia hapo. Wavuvi wetu wengi hutoka na simu tu, na simu hukosa mtandao ukishafika mbali. Mtoto wa mvuvi anayejua kwa nini simu hukosa na redio ya chombo yashika atamwambia babake, na huenda babake akarudi.

Hata vita. Mwaka wa 1942, baada ya Wajapani kuipiga Colombo, Waingereza walileta meli zao Kilindini, na pamoja nazo wakaleta wavunja siri. Wakawaweka wapi? Shule ya Allidina Visram, hapa hapa kisiwani. Kazi yao ilikuwa kusikiliza redio za wanamaji wa Japani na kufumbua maneno yaliyofichwa ndani yake, na waliweza kuivunja ile siri iliyotumiwa na meli zao za mizigo. Mawimbi yaliwafikia Mombasa yakiwa hafifu, na hilo liliwasumbua mpaka wakarudi Colombo mwaka wa 1943. Waona? Historia ya dunia iliegemea swali la mpwa wangu: mawimbi yafika au hayafiki, na kwa nini. Shule yenyewe bado inasomesha. Ningependa kujua kama wanafunzi wake huambiwa.

Jambo la mwisho. Tulipokuwa tukifunga vitu vyetu, mzee wa muhogo alishika antena ya redio yake kwa vidole, kama afanyavyo kila siku, na stesheni ikatulia ikawa safi. Akatuambia kwa kujivuna, "Mkono wangu una baraka." Mpwa wangu akamtazama, akamwambia kwa adabu zote, "Babu, mwili wako umekuwa antena. Una chumvi na maji, umeme wacheza ndani yako." Mzee akaachia antena, redio ikakoroma. Akashika tena, ikatulia. Akamwita jirani yake wa madafu aje ashike. Ya jirani ikakoroma zaidi. Tuliwaacha wakibishana ni nani mwenye chumvi nyingi.

Jumapili hii nitakuwepo tena baada ya alasiri, upande wa mibuyu. Mwenye redio mbovu aje nayo. Mwenye mtoto anayeuliza maswali aje naye, na asimwambie anyamaze. Sufuria nitaleta mimi.